Kikapu cha Shemeji Yako

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi. Vipi afya, na lile goti linakusumbua bado? Sisi hatujambo kwa rehema za Mungu. Kuku wangu ametotoa vifaranga tisa.

Shemeji yako haendi tena bwawani Jumamosi. Mishipi yake imening'inia tu jikoni. Mwezi uliopita maafisa wa uvuvi, wenye sare kama yako, walisimamisha kila aliyekuja kuvua. Leseni alikuwa ameibana kwenye kofia, si unamjua. Wakasema, "Mzee, fungua na kikapu." Akawaomba wakifungulie pembeni. Wakadhani kaficha samaki wachanga, wakakimwaga mbele ya wenzake. Zikatoka nepi za watu wazima. Alizificha humo ili mimi nisijue anaumwa.

Afisa mmoja akacheka: "Babu, unalea nani huko nyumbani?"

Aliporudi alitundika mishipi jikoni. Nilimshika mkono tukasali, ndipo akanieleza yote. Sasa anatibiwa, namshukuru Mungu.

Mdogo wangu, sikatai ukaguzi. Msipokagua, bwawa litabaki maji matupu. Lakini mtu ambaye hamkumshuku kwa lolote akikuomba umpeleke pembeni, mpeleke, nakusihi.

Mwandikie shemeji yako. Nepi usizitaje. Mwambie unakuja likizo na unataka akufundishe kuvua, maana kwako hawezi kukataa. Uje bila sare.

Tafadhali nijibu upesi, nijue siku ya kumpigia pasi ile kofia.

Dada yako akupendaye