Injini ya tatu imepasuka Abuku

Mireille, injini ya roketi yetu imepasuka. Ya tatu sasa!

Tuliifunga kwa stendi ya chuma, hapa shamba ya mwenzetu Andama, Abuku, karibu na mpaka ya Congo. Iliwaka sekunde mbili tu, halafu BUUM!

Mwenyekiti ya kijiji alisema atatangazia watu kesho kanisani kwamba tutawasha injini. Sisi tukaogopa mvua, tukawasha leo. LEO, Mireille! Hakuna mtu alijua.

Kijiji yote ilikimbia. Walidhani vita imerudi. Mama moja alibeba godoro kwa kichwa, anavuta mbuzi.

Nyanya ya Andama hatukumuona. Masaa matatu tunatafuta, Andama analia.

Sasa hivi ndio ameshika simu. Yeye iko Congo, ndani ya kichaka.

Ameuliza kitu moja tu: "Nani ameshinda?"