Vifo Vinavyosomwa Saluni kwa Baba

Saluni kwa Baba,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa kaka Mrefu,

Pokea salamu tele. U hali gani huko ugenini? Mgongo umepoa, au bado unawainua wagonjwa wa wodini peke yako? Sisi hatujambo. Mwanangu ameota meno mawili, na shangazi anaumwa pale tu vyombo vinapotaka kuoshwa.

Habari kubwa ni baba. Tangu tumzike mama alinyoa watu bila kusema neno, na kinyozi bubu hufukuza wateja kuliko wembe butu. Niliogopa, nikidhani tutampoteza naye. Nikamtolea kabatini kitabu cha mama cha hadithi za kutisha, kile alichokuwa akikianzia ukurasa wa mwisho ili ajue nani atakufa, kisha anatuharibia sote utamu.

Basi akaanza kuwasomea wateja, wembe mkono huu, kitabu mkono ule. Mauti yalipobisha hodi kwa tajiri mmoja, jirani yetu fundi viatu aliruka, akapoteza nusu ya masharubu. Sasa tuna sheria: anayenyolewa kichwa anasomewa, anayenyolewa ndevu asubiri.

Kila kifo baba anakitolea hukumu. Tajiri aliyejifungia ghalani na dhahabu yake kauawa na tamaa. Daktari aliyetaka kuishi milele kauawa na kiburi. Muuaji aliyemsikia marehemu akipiga chafya chini ya sakafu, huyo kamalizwa na dhamiri yake. Fundi viatu anabisha kwamba wote wamekufa kwa ubahili wa kununua taa.

Ila baba hakuwa akimaliza hadithi. Akifika ukurasa wa mwisho anafunga kitabu, anampangusa mteja nywele shingoni na kumwita anayefuata. Wateja walinung'unika. Mimi nilijua sababu. Kurasa hizo zilikuwa za mama, na bado zina alama za vidole vyake vya mafuta.

Jana akasoma ya mke aliyekufa ambaye kila jioni anarudi kukaa kwenye kiti chake, kimya. Mume anatetemeka, mwishowe anaihama nyumba. Baba alipofika ukurasa wa mwisho alisita, akaigusa ile alama ya mafuta, kisha akausoma wote. Akavua miwani.

"Mwanamume mjinga huyu," akasema. "Mkewe karudi, yeye anakimbia? Si angemuuliza kama amekula?"

Tulicheka mpaka fundi viatu akateleza kitini. Baba naye alicheka, halafu akalia, mara ya kwanza tangu mazishi, akajifuta kwa taulo la mteja. Nami nililia, kaka, wala sikuona haya.

Jioni alikitoa stoo kiti cha mama, akakifuta vumbi, akakirudisha mezani. Tulikula tukipiga soga kama zamani.

Fundi viatu anakusalimu kwa masharubu yaliyobaki. Shangazi anakusalimu akiwa amelala. Mungu akulinde, akupe usingizi na wagonjwa wepesi.

Najua unaogopa kuikuta nyumba bila mama. Njoo hivyo hivyo. Baba amesema hatakuuliza kwa nini umechelewa. Atakuuliza tu kama umekula.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata usipojibu barua,

Kifupi