Kaburi la Félicien Libaki

Kasuku, Kindu
Tarehe 9 Machi 2025

Mpendwa binti yangu Gisèle,

Kifua chako kimepona? Katika picha umekonda hadi shingo inaonekana. Kula, mama, hakuna anayekukataza. Mimi shangazi yako nipo, magoti tu ndiyo yananisumbua. Tangu mwanangu Nathalie aolewe Punia, napika kwa sufuria ndogo na bado chakula kinabaki.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kumbe makaburi ya ile parokia ya Kilutheri huko ng'ambo ni ya zamani sana, na baba yako Félicien amemaliza miaka ishirini na mitano aliyolipiwa pale. Sasa wanataka mtu wa ukoo atie sahihi: aongezewe muda, au jiwe liondolewe na mahali pale apewe mwingine. Nilimsomea jirani yangu Blanchard, akashika kichwa: "Maman Hélène, hata mufu wanamufukuza mu nyumba yake?" Tukacheka, kisha mimi nikaikunja barua.

Unaniuliza mimi dada yake, kwa kuwa umehamia mji mwingine na huendi tena pale. Kabla sijakujibu, nikuambie jambo nililokuficha kwa aibu.

Ile picha ya kaburi la bibi yako niliyokutumia si yake. Ni ya mama yake Bakari, seremala wa mtaani kwetu. Bibi, mama yangu, alikufa mwaka 2002, mji umezingirwa, na aliyetoka kwenda makaburini hakuwa na uhakika wa kurudi. Tukamzika uani, nyuma ya jiko, kisha tukakimbilia Pangi. Tuliporudi nyumba ilikuwa imebomolewa na watu wamejenga kwenye kiwanja chote. Nimezunguka pale mara nyingi. Sijui yuko chini ya chumba cha nani.

Kila tarehe mosi Agosti, siku ya wazazi, watu wakipita asubuhi na majembe kwenda kusafisha makaburi ya wazazi wao, mimi nafunga mlango. Naona aibu, Gisèle, na upweke wa siku hiyo hauna mfano.

Kwa hiyo tia sahihi aongezewe muda. Huko sitafika kamwe, najua. Lakini nibaki na kaburi moja tu ambalo mtu akiniuliza liko wapi, naweza kumjibu.

Msalimie mume wako Rodrigue, na umbusu Daniella kwa niaba yangu. Mungu akufunike vizuri katika baridi hiyo.

Wako akupendaye, na unisamehe ile picha,

Shangazi Hélène