Misa ya kushukuru niliyoikatala

Jumamosi, siku ya posho, magaribi

Unisamehe, Papa Dorka, nimekawia kukuandikia tangu tukuzike.

Juzi tribinali ilikata hukumu: mwizi aliyekuua atapigwa risasi. Inchi imeharibika, bantu banataka damu. Mutaa wetu wa Naviundu muzima bakapiga vigelegele. Leo mama yako akafunga kuku miguu. "Mama Dorka, kesho tunamutoa huyu kuku sadaka ku misa ya kushukuru!"

"Hapana, mama. Ule mwizi bamufunge mupaka azeeke. Lakini uzima wake ni wa Mungu. Kumushukuru juu ya kifo, siwezi."

"Weye, ulimupenda kweli mutoto wangu?"

Kuna asubui mimi mwenyewe natamani kushika ile bunduki ya kumupiga, kisha...

Mutoto wetu Dorka analala vibaya. Unitumie usingizi wake, uvumilivu mbele ya mama yako, na sauti yako kidogo, naanza kuisahau.