Malkia Kabatini

Jumamosi, 4 Machi 2023

Mvua ya radi, kisha jua kali. Nimetoka uani kuanua nguo — mashati mawili na taulo, ndizo nguo zangu zote za kufua siku hizi — nikamwona chini ya kamba. Sisimizi mkubwa, mwekundu na mweusi, anatembea peke yake, mabawa ameshayang'oa. Malkia! Nikamfunika kwa glasi. Mke wangu Noreen angemmwagia maji ya moto.

Lakini malkia wa aina gani? Tangu tumzike Noreen mwezi wa kumi na moja, hili ndilo jambo la kwanza nililotaka kulijua. Nimetuma picha kwenye kundi la wafuga sisimizi mtandaoni. Kumbe jimbo zima la Victoria limejaa wafuga sisimizi!

Jumapili, 5 Machi

Amejibu Darcy, fundi bomba wa Geelong. Picha ina ukungu, anasema, lakini kwa rangi hizo ni sisimizi wa sukari. Masharti: mrija wa kioo, maji nyuma ya pamba, giza. Asilishwe. Malkia huyo hujifungia, akawalea wanawe wa kwanza kwa nguvu za mwili wake mwenyewe. "Ukimchungulia-chungulia, mzee, atakula mayai. Msahau mwezi mzima."

Nimemweka kabatini, upande wa Noreen. Uko mtupu.

Leanne amepiga kutoka Perth. Nikamwambia nina mgeni.

"Mgeni gani, Baba? Mwanamke?"

"Malkia."

Binti yangu hakucheka. Akauliza kama ninakula.

Alhamisi, 9 Machi

Sijafungua. Voula, jirani, alikuwa akichuma nyanya kwake. Tumepungiana mikono. Zamani angenipitishia kikapu juu ya uzio na maneno juu yake: Merv, kula, umekuwa ufito! Tangu mazishi anapunga tu.

Jumapili, 12 Machi

Leanne hakupiga.

Jumapili, 19 Machi

Leo amepiga. Hakukaa kwenye simu. Sitaki kukusumbua, Baba. Kila mtu hataki kunisumbua! Upweke huu utanimaliza, na nyumba inanuka supu ya kopo.

Nimeanza kuongea na mlango wa kabati. Nimemweleza malkia jinsi timu yetu ilivyofungwa. Kwa sauti ya chini, asije akala mayai.

Jumanne, 28 Machi

Uvumilivu umenishinda. Nimemtoa, nikampiga picha kupitia kioo cha kukuzia cha Noreen, kile cha kushonea. Safari hii imetoka safi. Taya ndefu kama mkasi. Macho makubwa. Mayai mawili, yamesinyaa. Na yeye amelala ubavu.

Darcy amepiga simu mwenyewe.

"Mzee, samahani sana! Huyo si wa sukari. Ni fahali!"

"Fahali? Ulisema malkia."

"Sisimizi fahali, mzee, wale wauma-watu! Malkia wao hajifungii. Hutoka kuwinda, akarudi kwa wanawe. Huyo ana njaa."

"Ulisema nimsahau."

"Nilisema. Kosa langu. Mpe asali. Mpe nzi. Sasa hivi!"

Nilikata simu kwa hasira. Kisha nikalia, mtu mzima mimi. Nilidhani ninamheshimu kwa kumwacha.

Asali hamna. Hata sukari hamna — Noreen alikatazwa na daktari, nami sikuirudisha tena. Nikaenda kugonga kwa Voula.

"Asali? Una mgonjwa?"

"Ndiyo."

"Nani?"

Nikamwambia. Akashika kiuno.

"Mama wa Mungu! Tangu mazishi hujagonga mlango huu, leo unagonga kwa ajili ya sisimizi?"

"Nilidhani mna shughuli zenu."

"Na sisi tulidhani unataka utulivu! Mume wangu kila siku: mwache mtu na msiba wake, mwache mtu na msiba wake!" Akanipa chupa nzima. "Umekula?"

Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula.

Baadaye. Tone la asali liko mbele ya taya zake. Nzi mmoja, nimemponda kichwa. Malkia hasogei. Nimeketi mezani, naandika ili mikono isimguse.

Kipapasio kimoja kimeinuka. Au nimeona vibaya.

Mlango wa nyuma unagongwa. Ni Voula.

"Merv! Fungua, maharage yanapoa! Ya Kwaresima, hayana nyama, usilalamike!"

Nikiinuka, meza itatikisika. Kipapasio kimegusa asali — kimegusa! — kikarudi. Sijui kama amekunywa.

"Merv! Taa inawaka, najua umo! Unataka niondoke?"

Nimesema hapana. Sauti imetoka ndogo, ile ya kabatini. Hajasikia. Nasikia anaweka sahani kizingitini. Nasema tena, kwa nguvu: hapana, ngoja! Naweka kalamu chini.