Kaburi la Mtu Asiye Wetu

Ruiru, Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Nekesa,

Pokea salamu za nyumbani. Mama yako ni mzima, na yule ng'ombe wa madoa amezaa ndama jike. Tangu tumzike babu yako nyumba imekuwa kubwa, lakini usingizi ninaupata.

Umeniuliza kwa nini watu huko Thailand uliko huweka maua katika ile bustani ya kumbukumbu ya vita vyao vya kale na Waburma, kwa wafu wa zamani ambao hawakuwajua. Ya huko siyajui. Najua ya mama yangu.

Kaka yangu mkubwa, Wafula, alikufa Burma katika Vita vya Pili vya Dunia akiwa askari wa Mwingereza, na kaburi lake hatukuonyeshwa. Miaka ya hamsini, nikiwa msichana mdogo, mama alinipeleka kwenye makaburi ya askari pale Thika. Alichagua kaburi moja lenye jina geni, akatoa ufagio, akaanza kufagia.

"Mama, hapo nimeshafagia asubuhi," mlinzi wa makaburi akamwambia. "Na huyo si mtu wenu."

"Najua. Wangu yuko Burma. Labda huko kuna mama anamfagilia, naye hamjui."

Mlinzi akaonyesha kaburi la jirani. "Basi fagia na huyu wa kando. Tangu nianze kazi hajapata mgeni."

Mama alifagia safu nzima. Tukiwa njiani kurudi alimtaja Wafula bila kulia, na ilikuwa mara ya kwanza.

Huko uliko ni karibu naye kuliko hapa. Ukisali, mtaje. Nami pia unikumbuke.

Nyanya yako