Mmea Walioufunga Mlangoni Kwangu

Mama Achieng mpenzi,

Pokea salamu kutoka huku kwa baridi ya Kimulot. Watoto wako aje? Na mguu wa mama, bado unamsumbua? Najua mmeshafunga mizigo kuja kwangu likizo hii, lakini usitoke nyumbani kabla hujamaliza kusoma.

Tulipigwa na upepo. Si upepo wa kawaida, huu ulitoka upande wa msitu ukizunguka, mweusi, unanguruma kama malori. Bomba la moshi la kiwanda cha chai liliangukia chumba cha kukaushia majani. Huku laini, nyumba zetu za wafanyakazi zilibaki bila paa, mabati yakaruka mpaka mashamba ya ng'ambo ya mto. Kogo, yule nyanya Mkipsigis anayetuletea maziwa, alikuwa mlangoni kwangu na kibuyu chake. Nilimvuta nikamsukuma chini ya kitanda, nami nikajibana hapo hapo. Ukuta wa nyuma ukaanguka juu yetu. Kitanda ndicho kilituokoa.

Sasa sikiliza. Asubuhi nilikuta mlango wangu umefungwa mmea wa kutambaa, mbichi, umesokotwa vizuri. Milango ya wenzangu haikuwa na kitu. Si unakumbuka wakati wa vita vya makabila, tulivyoambiwa nyumba ya kuchomwa huwekwa alama kwanza? Nikajua Wakipsigis wameona sisi tuliotoka mbali hatuna paa, wanataka kutumaliza, waanze na mimi. Niliung'oa nikautupa motoni, nikakaa na panga. Kumbe Kogo alikuwa amesimama njiani, ananitazama. Aligeuka akaenda zake.

Nilimwuliza Cherono, yule mama wa kwao anayepima majani yetu, ni nani ananitafuta. Akashika mdomo.

"Baba Achieng, umechoma sinendet? Huo tunamfungia mtu tukimshukuru, tukimbariki. Watoto wa Kogo walikushukuru kwa kumwokoa mama yao! Sasa wanauliza umewakataa kwa nini, na unawapangia nini."

Mimi sijui. Pengine Cherono ananituliza tu. Vijana wa Kogo wanashinda hapo darajani na rungu, wananiangalia, nami nawaangalia. Maziwa hayaji tena. Na jana wajukuu wake waliponiona walikimbia wakilia. Mimi huyu, Mama Achieng, ninayeogopa hata mbwa! Iliniuma sana.

Nilikuwa nimekuandikia usije. Ile barua nimeichana. Kuja, lakini mfike mchana, na usimwambie mtu yeyote kwa gari unaenda kwa nani. Leta omena, dagaa za kwetu, ile safi. Kogo anakupenda tangu ulipomsaidia kubeba kuni. Mpelekee, umwambie mume wako aliogopa. Mimi nikienda peke yangu watadhani nimekuja kuwachoma.

Nisalimie mama, na dada yangu anayeuza sokoni, na shemeji yako fundi, umwambie tunahitaji paa huku.

Panga bado liko chini ya kitanda. Nimejaribu kulirudisha stoo, mkono unakataa. Ukifika, litoe wewe.

Ni mimi wako,
Baba Achieng